Kilemba cha Baba Mlangoni mwa Kanisa

Nyumbani,
Chumba cha juu ya karakana.
Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa tano.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya lolote, goti lako la kulia linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi kama mtoto anayejifunza kutembea, hatua moja kisha unapumzika. Je, daktari alikupa ile dawa ya kupaka, au bado anakuambia tu upunguze chumvi? Natumaini unasoma haya ukiwa umekaa, mguu umeunyoosha juu ya kiti, na miwani umeipata bila kupekua nyumba nzima.

Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la mbao, lakini kikohozi hicho unakijua, kimeshakuwa mpangaji wetu. Mama ni mzima. Mimi nasoma, mitihani ni mwezi ujao. Bado nakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na bado mwalimu akiuliza swali nakuwa na jibu na mkono haunyanyuki. Nakuambia hili ili ujue kwamba haya ninayokuandikia nimeyaandika kwa kujikaza.

Naomba radhi kwa jambo moja. Barua uliyomwandikia Baba niliisoma. Kwa wiki tatu ilikuwa juu ya meza ya kazi, chini ya randa. Asubuhi anaisogeza pembeni, jioni anairudisha palepale. Nilingoja aijibu, hakuijibu. Juma lililopita nikaisoma yote, mara mbili, kisha nikamwambia mwenyewe kwamba nimeisoma na kwamba nitakuandikia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwandikie vizuri. Ni dada yangu mkubwa."

Nitajitahidi kuandika vizuri, Shangazi. Lakini sitaandika kwa kuzunguka.

Ulisema sisi Masingasinga tusiingie katika ibada za watu wengine, hata zikiwa za ndugu zetu, na kwamba Baba asikanyage tena kanisani, hata kwa harusi ya mama mdogo. Harusi ni Jumamosi hii. Tutakwenda. Baba atamshika mkono mama mdogo na kumwingiza. Naomba unisikilize hadi mwisho, kisha uniambie nimekosea wapi.

Najua habari za ule ubatizo zilikufikia kwa vipande, na kila kipande kimetiwa chumvi na aliyekibeba. Mimi nilikuwepo, benchi la tano. Ilikuwa hivi.

Mwezi wa pili Mjomba, kaka yake Mama, alimbatiza mtoto wake. Tulialikwa sote. Baba alifunga kile kilemba cha bluu iliyokolea, akapiga viatu rangi hadi kwenye soli. Ibada ilipofika kwenye komunyo, watu wakaanza kusimama benchi baada ya benchi, na Baba naye akasimama. Mama alikuwa nje, amembeba yule mtoto aliyebatizwa ambaye hakutaka kabisa kunyamaza. Mimi nilikuwa karibu. Nilijua, kwa sababu nilishasoma, kwamba komunyo ni ya waumini wao tu. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Hilo silisahau.

Baba alifika mbele, akakinga mikono miwili, akainamisha kichwa. Padre akamwekea. Baba akala.

Unajua kwa nini alikinga mikono, maana wewe ndiye uliyemfundisha, kama ulivyonifundisha mimi. Mwisho wa sala, halua inapopita, unakinga mikono miwili, unainama, na hukatai, kwa kuwa kinachotoka kwenye sala hakikataliwi. Mikono ya Baba imefanya hivyo gurudwarani, kwenye sala zetu, tangu ana miaka mitatu. Hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa na heshima iliyokosea mlango.

Nje, mke wa Mjomba akasema mbele ya watu, "Shemeji, makubwa! Leo umekula na kisichokuhusu!" Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka, wakamtazama tu, na nadhani hao ndio waliomuumiza zaidi. Baba alirudi nyumbani kwa miguu, sisi tukiwa ndani ya gari la Mjomba tunampita njiani. Jioni alisema, "Siingii tena mahali ambapo mikono yangu haijui ifanye nini." Tangu siku ile hata jina la kanisa hakulitaja.

Halafu akaja mama mdogo.

Unakumbuka alivyokuja kwetu, ana miaka tisa, baada ya babu mzaa mama kufariki, na lile sanduku lake lisilofungika. Baba ndiye aliyempeleka shule. Baba ndiye aliyemtengenezea kitanda chenye droo ya siri. Alimfundisha baiskeli kwa kukimbia nyuma yake ameshika kiti, mpaka kilemba kikafunguka barabarani na madereva wakasimama kuangalia. Sasa ni muuguzi, ana sare nyeupe na saa ya kubandika kifuani, lakini akiingia karakana anapiga kelele zilezile: "Shemeji, umekula?"

Siku hiyo hakupiga kelele. Alisimama kwenye maranda na viatu vyake vya kazini akamwomba Baba amwingize kanisani. Baba alikuwa anapiga randa mlango, na hakuinua macho.

"Mwambie kaka yako. Yupo, ana suti."

"Kaka yangu hakukimbia nyuma ya baiskeli," mama mdogo akasema, akatoka.

Baba aliupiga randa mlango ule hadi ukawa mwembamba kuliko alivyoagizwa, ikabidi atengeneze mwingine. Ndipo alipokuandikia wewe. Na wewe ukajibu.

Shangazi, mimi sioni ubaya katika barua yako. Alikuandikia akiwa na aibu, na wewe hujawahi kuvumilia mtu amtie aibu mdogo wako. Tena kuna jambo ulilosema ambalo ni kweli tupu: anayeingia kwenye sala za watu bila kujua anawakosea wao na anajikosea mwenyewe. Nililifikiria siku nne, darasani na njiani. Mwishoni nikajiuliza, kama tatizo ni kutojua, kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza?

Jumatatu baada ya vipindi nikaenda kwa Padre. Nilipita mlango wa ofisi yake mara tatu. Mara ya nne nikasikia mtu anaita kutoka ndani, "Wewe unayepitapita, njoo unishikie ngazi!" Alikuwa juu anabadilisha balbu. Nikashika ngazi. Nashukuru ilikuwa hivyo, kwa sababu ilinibidi kutazama soksi zake tu, na kwa soksi naweza kuongea.

Nikasema, "Padre, mimi ni mtoto wa yule aliyepokea komunyo bila kuwa Mkristo."

"Mwenye kilemba? Seremala?"

"Ndiyo."

"Mbona hakurudi? Nina makabati mawili hapa hayafungi."

Nikamweleza yote, halua, mikono, mke wa Mjomba, harusi. Alishuka taratibu, akaniangalia, nami nikaangalia balbu ya zamani mkononi mwake. Akasema, "Kosa la siku ile ni langu. Mimi ndiye niliyetoa. Niliona mikono imekingwa vizuri kuliko ya wengi wanaonijia hapa wakitafuna bigijii, sikutazama uso." Akaniambia Baba aje na kilemba chake, wala asikivue. Watu wakisimama tusimame nao, wakipiga magoti sisi tukae kwa utulivu, na wakati wa komunyo tubaki kwenye benchi. "Kukaa si kosa," alisema. "Mgeni anayekaa kwa heshima hajanipunguzia kitu."

Nikayaandika yote kwenye daftari la jiografia, kurasa mbili, kwa namba na vifungu. Usinicheke. Nilirudi nyumbani nimelikumbatia daftari kifuani kama nimeiba.

Baba hakutaka hata kulifungua. "Nimeshasema," akasema. Akaenda kuchemsha gundi.

Aliyelifungua daftari ni Mama, ingawa hakuligusa. Jumanne jioni alikuwa anapiga pasi kilemba cha Baba, mita zile zote tano, anakunja huku anavuta. Baba alikuwa mezani na chai. Mama hajasema neno kuhusu jambo hili tangu mwezi wa pili, nawe unamjua, Mama akiamua kunyamaza hata redio inaona aibu. Basi akasema bila kusimamisha pasi, "Miaka kumi na minane nafunga kichwa changu kwenye gurudwara lenu. Nilizaliwa Mkristo, nikaingia kwenu sijui nikae wapi, nishike nini, niiname lini. Siku ya kwanza nilikaa upande wa wanaume. Mlisema nibaki nyumbani?"

Baba akaweka kikombe chini.

"Wewe ulikuwa mke wangu," akasema.

"Na yule ni mtoto wako," Mama akasema. Akaendelea kupiga pasi.

Baba akaisogeza chai pembeni. Akasema, "Haya, lete hilo daftari."

Sasa naomba nikuulize kitu, Shangazi, na naomba usinione mtovu wa adabu. Kila Jumapili kwetu wageni huja. Pale mlangoni kuna kikapu cha vitambaa, na wewe ulipokuwa hapa ndiye uliyekuwa unavifua na kuvikunja. Mgeni anafunga kichwa, anavua viatu, anakaa sakafuni na sisi, anakula chakula kilekile. Hatumuulizi ni wa dini gani. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ameiacha dini yake kwa kufunga kitambaa. Tunaona ametuheshimu, tunafurahi. Kama sisi tunaipokea heshima hiyo kila juma, tunawezaje kukataa kuitoa mara moja, tena kwa mtoto tuliyemlea?

Sisemi tuombe wanavyoomba wao. Hatutapokea, hatutapiga magoti, hatutajifanya. Tutakaa tukiwa Masingasinga, na kila mtu ataona kwamba ni Masingasinga. Mimi naona hiyo ndiyo heshima iliyo kamili, yao na yetu.

Jana tumefanya mazoezi karakana. Tulisimamisha milango ya mteja pande mbili ikawa njia ya katikati. Mama mdogo alikuja na sare yake, akajifunga shuka la meza kiunoni liburute nyuma kama gauni. Mzee Vanishi, yule anayempigia Baba rangi samani, akakaa juu ya kopo kuwa ndiye Padre. Yeye Mwislamu, lakini alisema kazi hiyo anaiweza kwa kuwa ana ndevu.

Baba akaanza kutembea. Mzee Vanishi akampigia kelele, "Fundi! Mbona unatembea kama umeshika nyuma ya kabati?"

"Ndivyo ninavyotembea."

"Basi mwambie bwana harusi ashike mbele!"

Mama mdogo alicheka hadi akakaa kwenye maranda. Baba akarudia mara sita. Kisha akamuuliza Mzee Vanishi, kwa sauti ya chini, kama yeye huwa anakwenda kwa watu wa dini nyingine. Mzee Vanishi akajibu, "Fundi, mimi nimezika Wakristo, nimewasindikiza Wahindu kwenye moto, nimemsindikiza baba yako wewe. Hakuna aliyeinuka akaniuliza nimefuata nini."

Naisimamisha barua hapa. Sitaitia posta mpaka Jumapili, ili nisikuandikie ya kusema tu.

Jumapili, alasiri.

Shangazi, tumekwenda.

Baba alifunga kilemba cheupe kile Mama alichokipiga pasi. Alijifungia chumbani nusu saa, akakifungua na kukifunga upya mara mbili. Alipotoka, Mama alimzunguka kama anayekagua kabati kabla halijapakiwa, akasema, "Haya."

Tulifika mlangoni wa kwanza, halafu tukangoja. Mama mdogo alishuka kwenye gari akiwa na gauni ambalo mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuliinua nyuma lisiburuzike. Kinanda kikaanza. Baba akampa mkono, wakapiga hatua mbili, na ghafla Baba akainama. Mama mdogo akanong'ona bila kufungua meno, "Shemeji, unafanya nini?"

Alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Viatu vinabaki! Shemeji, viatu vinabaki!"

"Ah," Baba akasema, akazifunga tena. Katika kurasa zangu mbili zote sikuwa nimeandika habari za viatu. Hata Padre hakukumbuka kunitajia, maana kwake hilo halina haja ya kusemwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mama mdogo alikuwa anacheka, na kicheko kile kilimnyoosha mgongo Baba.

Kisha mzee mmoja mwenye beji, anayepanga watu mlangoni, akanyoosha mkono mbele yao. Alisema kwa upole, na ndiyo maana ikawa mbaya zaidi. "Mzee wangu, kofia tafadhali. Tunaingia mahali patakatifu."

Baba alisimama. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake, niliona shingo. Watu wote ndani walikuwa wamegeuka wanangoja bibi harusi. Mke wa Mjomba alikuwa benchi la pili kutoka mlangoni, na nilimwona anamgusa jirani yake kiwiko. Baba akaanza kuutoa mkono wa mama mdogo kwenye mkono wake, kidole kimoja kimoja, taratibu. Akasema, "Basi. Muiteni kaka yake."

Mama mdogo hakumwachia. Akamkaza mkono zaidi.

Nikasema, "Si kofia."

Shangazi, ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na kinanda kilikuwa kimefika mahali pa kupumua, kwa hiyo nadhani hata waliokuwa mbele walinisikia. Nikasema tena, "Ni kilemba. Baba yangu ni Singasinga, kilemba hakivuliwi mahali pa sala. Padre anajua. Naomba umuulize, sisi tutasubiri hapa."

Yule mzee alinitazama. Akamtazama Baba. Akageuka kumtazama Padre kule mbele, na Padre akainua mkono na kuwaita waje, mara mbili, kama mtu anayeita wenzake chakula kinapoa. Mzee wa mlangoni akashusha mkono wake. "Samahani sana, ndugu yangu," akamwambia Baba. "Sikujua. Piteni." Akamsogezea zulia kwa mguu mahali lilipokuwa limekunjamana.

Baba akapita. Alitembea vilevile, kama ameshika kabati. Lakini alitembea hadi mwisho. Alimkabidhi mama mdogo kwa bwana harusi, na mama mdogo, badala ya kumwachia, akamkumbatia kwanza kwa muda mrefu, mpaka Padre akakohoa.

Tulikaa benchi la mbele: Bibi mzaa mama mwanzoni, kisha Baba, Mama na mimi. Mjomba na mkewe walihamia nyuma yetu. Walipopiga magoti tulikaa tumeinamisha vichwa. Walipoimba tulisimama. Nilimwona Baba anasikiliza kwa makini kabisa, kama anavyosikiliza mbao anapoigonga kujua kama imekauka.

Halafu ikafika komunyo. Hapa ndipo nilipokuwa naogopa tangu Jumatatu. Zamu ya benchi letu ikafika. Nilijua Bibi ataondoka na sisi watatu tutabaki tumekaa mbele ya kanisa zima, tunatazamwa. Baba aliweka viganja vyake juu ya magoti na kuvikazia macho. Mama naye akatulia.

Bibi alikuwa ameshasimama, ameshika fimbo yake. Unamjua Bibi. Tangu kabla Mama hajazaliwa hajakosa komunyo, hata mwaka ule alipovunjika mguu alipelekwa amebebwa. Akatazama benchi, akamtazama Baba. Akakaa.

Mke wa Mjomba akainama kutoka nyuma. "Mama, twende, foleni inasogea."

"Nendeni," Bibi akasema. "Leo nakaa na mkwe wangu."

Baba akageuka akiwa ameshtuka. "Mama, hapana, nenda. Usikose kwa ajili yangu."

"Nyamaza wewe, watu wanasali."

Baba akageuka mbele. Tukakaa wanne, foleni yote ikipita kando yetu. Mabega ya Baba yalianza kutikisika, nikajua anacheka kimoyomoyo, kisha baada ya muda sikuwa na uhakika tena kama ni kicheko. Mama akampa leso bila kumtazama.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekuwa kitamu. Mke wa Mjomba hakuomba radhi. Uani, wakati wa kula, alimletea Baba kiti akasema, "Kaa, shemeji, umesimama sana leo," akaenda zake. Baba anasema hiyo inatosha. Mimi nasema haitoshi, lakini nimeipokea. Na kuna watu wawili watatu walionitazama kama mtoto aliyekosa malezi kwa kupaza sauti mlangoni. Wanitazame vizuri. Nitapaza tena.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Mwezi ujao, Jumapili ya pili, mama mdogo na mumewe watakuja gurudwarani kwetu kushukuru. Wameomba wenyewe. Bibi naye anakuja, na ameshanituma mara mbili kuuliza kama ataruhusiwa kukaa kwenye kiti kwa sababu ya mgongo. Nimemwambia viti vipo kule nyuma, na wengi wanakaa. Mzee Vanishi anasema naye atakuja kuangalia kama Baba anatembea hivyohivyo hata kwao.

Baba angetaka uwepo. Hatakuandikia kukuomba, kwa kuwa anaogopa utakataa. Anasema, "Goti la dada halimruhusu," na anasema hivyo haraka mno. Anaona kwamba amemchagua mama mdogo akakuacha wewe. Tangu jana amekaa vizuri na kila mtu, halafu ukitajwa anatoka nje.

Kwa hiyo nakuomba mimi. Njoo, Shangazi. Gari linafika karibu kabisa na mlango wetu, na ngazi za juu ni kumi na mbili, nimezihesabu, tutazipanda moja moja na kupumzika. Hulazimiki kukubaliana na tulichofanya. Njoo ukiwa umekasirika, ukae karibu nasi ukiwa umekasirika hivyohivyo.

Kama jibu lako ni hapana, na kama una maneno makali, usimwandikie Baba. Yaandike kwangu, yote, wala usiyalainishe. Ni mimi niliyekwenda kwa Padre, ni mimi niliyesema mlangoni, na ningefanya hivyo tena kesho. Nitayasoma na nitakujibu. Ila Baba ana dada mmoja tu, na sitakubali mtu amwambie achague, hata kama mtu huyo ni wewe ninayekupenda hivi.

Nisalimie mume wako, mwambie kitabu alichonitumia nimekimaliza na nina maswali kumi na moja. Wasalimie wakwe zako wote wawili, na yule mtoto wa jirani unayemfundisha kusoma. Mama anakusalimu. Bibi anakusalimu, anasema nawe utafute fimbo, si aibu. Mama mdogo anakubusu mikono. Baba hajui kwamba nakuandikia salamu zake, lakini nazituma, kwa kuwa najua anazo.

Mungu mmoja aliye juu yetu sote akulinde, akuondolee maumivu, na aifanye safari yako iwe nyepesi.

Mimi mtoto wa mdogo wako, ninayekupenda na ninayekungoja,

Kamusi
(kama ulivyoniita mwenyewe, kwa kuwa nina maneno mengi yaliyofungwa)